Klorokwini na ndugu zake: mwongozo kamili wa kulinganisha kampaundi zinazofanana kwa kompyuta

Chukua amodiakwini na isokwini, kampaundi mbili za kupambana na malaria. Zote mbili ni C20H22ClN3O. Uzito wa molekuli ni 355.87 kwa zote, eneo la uso wa polari ni 48.39 kwa zote, na logP ya kukokotoa (kipimo cha jinsi kampaundi inavyopenda mafuta kuliko maji) ni ileile. Ukizipanga kwenye jedwali la sifa, huwezi kujua ipi ni ipi. Ila moja, ikifika kwenye ini, huzalisha kitu kinachong'ang'ania protini na kuwadhuru baadhi ya watumiaji, na nyingine ilibuniwa makusudi isifanye hivyo. Kilichobadilika ni vikundi viwili tu vilivyopeana nafasi kwenye pete moja ya benzini.

Kwa hiyo kazi ya kulinganisha kampaundi haiishi pale programu inapokupa namba ya ufanano. Namba hiyo inakuonyesha wapi pa kuchungulia. Kinachoamua ni kile kipande kidogo kinachotofautiana, kimekaa wapi, na kinafanya nini mahali hapo. Mwongozo huu unatumia familia ya dawa za malaria zenye kwinolini kwa sababu inafahamika vizuri, imechunguzwa kwa miaka mingi, na karibu kila mtego wa kazi hii umo ndani yake.

Vifaa

Laptop ya kawaida inatosha. Weka Python, kisha RDKit kwa amri `pip install rdkit`. RDKit ni maktaba ya kemia ya Python, ni ya bure na haihitaji intaneti ikishasakinishwa. Data ya vipimo ichukue kutoka ChEMBL, hifadhidata ya kampaundi na nguvu zake, ambako klorokwini ni CHEMBL76. Miundo ya kuanzia ni hii, kwa mwandiko wa SMILES, unaoiandika molekuli kwa mstari mmoja wa herufi:

```
klorokwini           CCN(CC)CCCC(C)Nc1ccnc2cc(Cl)ccc12
haidroksiklorokwini  CCN(CCO)CCCC(C)Nc1ccnc2cc(Cl)ccc12
amodiakwini          CCN(CC)Cc1cc(Nc2ccnc3cc(Cl)ccc23)ccc1O
desethilamodiakwini  CCNCc1cc(Nc2ccnc3cc(Cl)ccc23)ccc1O
isokwini             CCN(CC)Cc1ccc(Nc2ccnc3cc(Cl)ccc23)cc1O
primakwini           COc1cc(NC(C)CCCN)c2ncccc2c1
```

Kabla ya kuandika mstari wowote wa msimbo, andika swali lako kwa sentensi moja. "Je, zinafanana?" si swali. "Je, kubadilisha mkia kunaipunguzia dawa nguvu kwa vimelea sugu?" ni swali, na ndilo litakaloamua uchague kipimo gani huko mbele.

Hatua ya 1: Safisha miundo

Makosa mengi huanzia hapa, na hayaonekani mpaka mwisho.

Anza na chumvi. Klorokwini huuzwa kama difosfati. Besi yenyewe, yaani dawa bila chumvi, ina uzito wa 319.88, chumvi ina 515.86. Tuseme karatasi ya maabara imeandika matokeo kwa nanogramu 10 kwa mililita. Ikiwa uzito uliopimwa ni wa besi, hiyo ni nM (nanomola) 31.3, ikiwa ni wa chumvi, ni nM 19.4. Umeshapata tofauti ya mara moja na nusu ambayo haina uhusiano wowote na kemia, imetokana na kikokotoo tu. Tena ukiiacha fosfati ndani ya SMILES, vipande vyake vinaingia kwenye hesabu ya ufanano na kuishusha namba bila sababu.

Suluhisho la kawaida ni kuiambia programu ibakize kipande kikubwa kuliko vyote. Inafaa mara nyingi, lakini haifai mara zote. Sikloguanili pamoati ni mfano mzuri: sikloguanili ina atomu nzito 17 (yaani zisizo haidrojeni), pamoati ina 29. Ukiamuru "bakiza kubwa", utatupa dawa na kubaki na chumvi, na programu haitalalamika. Orodhesha molekuli zote zenye nukta kwenye SMILES (nukta hutenganisha vipande visivyoungana), zitazame kwa macho kabla ya kufuta kitu.

Baada ya chumvi, ondoa chaji kwa `rdMolStandardize.Uncharger()`. Kisha kuna suala la tautoma, yaani haidrojeni inayohama kutoka nitrojeni moja kwenda nyingine. Kwinolini zenye amino kwenye nafasi ya 4 zinaweza kuchorwa kama amini au kama imini, na watu wawili wakichora tofauti, kompyuta itaona kampaundi mbili. Chagua namna moja uitumie kwa zote. Angalizo: chombo cha RDKit cha kusawazisha tautoma, kwa mpangilio wake wa kawaida, kinaweza kufuta taarifa ya mkono (vikundi vinne vilivyozunguka kaboni vimepangwa kushoto au kulia, kama mikono miwili) kwenye kaboni zinazoguswa na mabadiliko hayo. Kama mkono una maana kwenye kazi yako, hakikisha alama za @, zinazouonyesha ndani ya SMILES, bado zipo baada ya hatua hii.

Na mkono una maana. Kwinini na kwinidini zina atomu zilezile, zimeungana kwa mpangilio uleule. Tofauti ipo kwenye mkao wa kaboni za 8 na 9 tu. Kwinidini ikajulikana zaidi kwa kazi ya kurekebisha mapigo ya moyo. Klorokwini yenyewe ina kaboni moja yenye mkono na huuzwa kama mchanganyiko wa mikono yote miwili, kwa hiyo SMILES isiyo na @ ni sahihi kwake. Usiongeze @ ili faili lipendeze.

Hatua ya 2: Alama za vidole na namba ya Tanimoto

Alama ya kidole ya molekuli ni mstari wa biti. Programu inasimama kwenye kila atomu, inatazama jirani zake hadi umbali fulani, na kila mazingira inayoyaona inayaandika kama biti moja. Alama za Morgan zenye nusu kipenyo 2 ndizo zinazotumika zaidi. Ukikuta zimeitwa ECFP4, ile 4 ni kipenyo, si nusu kipenyo. Wapo wanaoweka `radius=4` wakidhani wanafuata desturi, kisha wanashangaa mbona kila kitu kimekuwa tofauti na kila kitu.

Tanimoto ni hesabu ya darasani: biti za pamoja, ugawe kwa jumla ya biti zote bila kurudia. Molekuli ya kwanza ikiwa na biti 46, ya pili 50, na za pamoja 38, unapata 38 ÷ (46 + 50 − 38) = 38 ÷ 58 = 0.66.

```
from rdkit import Chem, DataStructs
from rdkit.Chem import rdFingerprintGenerator, rdFMCS

gen = rdFingerprintGenerator.GetMorganGenerator(
    radius=2, fpSize=2048, includeChirality=True)

cq = Chem.MolFromSmiles("CCN(CC)CCCC(C)Nc1ccnc2cc(Cl)ccc12")
aq = Chem.MolFromSmiles("CCN(CC)Cc1cc(Nc2ccnc3cc(Cl)ccc23)ccc1O")

print(DataStructs.TanimotoSimilarity(
    gen.GetFingerprint(cq), gen.GetFingerprint(aq)))
```

Ona `includeChirality=True`. Usipoiandika, programu hupuuza mkono, na kwinini na kwinidini zitatoka na ufanano wa 1.0 kamili.

Mtego wa pili ni mbaya zaidi kwa familia hii. Biti inasema "mazingira haya yapo" au "hayapo"; haisemi yapo mara ngapi. Katikati ya mnyororo mrefu wa CH2 kila atomu inaona jirani walewale, basi mnyororo wa kaboni 10 na wa kaboni 12 hutoa biti zilezile na Tanimoto inakuwa 1.0. Sasa kumbuka kwamba urefu wa mkia ndio hasa unaoamua mambo hapa: ndugu za klorokwini zenye mkia mfupi wa kaboni 2 hadi 3, au mrefu wa 10 hadi 12, zimeonyesha kuua vimelea ambavyo klorokwini ya kawaida haiviwezi. Kipimo chako kitakuwa kipofu palepale penye jambo. Tumia `gen.GetCountFingerprint()` badala ya `GetFingerprint()`. Hiyo huhesabu, na Tanimoto yake huzingatia idadi.

Kuhusu kizingiti: 0.85 inayonukuliwa kila mahali ilitokana na aina nyingine ya alama za vidole, si Morgan. Kwa Morgan ya nusu kipenyo 2, molekuli mbili zilizookotwa ovyo hupata kama 0.1, na kuanzia 0.4 hivi tayari kuna undugu wa maana. Halafu hata hiyo 0.85 si dhamana. Utafiti wa 2002 kutoka Abbott uliona kwamba kampaundi zilizovuka 0.85 kufanana na kampaundi yenye nguvu, ni kama asilimia 30 tu zilizokuwa na nguvu zenyewe.

Hatua ya 3: Kipande kikubwa cha pamoja

Hapa ndipo namba inapoanza kuwa picha. Unaiomba programu itafute kipande kikubwa kuliko vyote kinachopatikana ndani ya molekuli zote mbili.

```
m = rdFMCS.FindMCS([cq, aq], ringMatchesRingOnly=True,
                   completeRingsOnly=True, timeout=60)
print(m.numAtoms, m.smartsString)
```

Masharti mawili ya pete usiyaache. Bila hayo programu inaweza kuulaza mnyororo ulionyooka wa klorokwini juu ya pete ya benzini ya amodiakwini na kukuambia vinalingana, jambo ambalo mkemia yeyote atalicheka.

Klorokwini ina atomu nzito 22 na haidroksiklorokwini 23. Kipande cha pamoja ni 22, yaani klorokwini yote imo ndani ya mwenzake; ufanano ni 22 ÷ 23 = 0.96. Klorokwini na amodiakwini (atomu 25) zinashirikiana kwinolini yenye klorini kwenye nafasi ya 7 pamoja na nitrojeni ya nafasi ya 4, jumla 12. Hesabu: 12 ÷ (22 + 25 − 12) = 12 ÷ 35 = 0.34.

Hiyo 0.34 inadanganya kidogo. Tazama michoro: mwisho wa mkia wa zote mbili kuna nitrojeni ileile yenye ethili mbili. Hesabu haikuiona kwa sababu kipande cha pamoja lazima kiwe kimeungana, na kati ya kwinolini na nitrojeni ya mwisho kuna daraja tofauti. Ukiongeza zile atomu 5 kwa mkono unapata 17 ÷ 30 = 0.57. Kimsingi molekuli hizi ni ncha mbili zilezile zilizounganishwa kwa daraja tofauti: klorokwini kwa mnyororo laini, amodiakwini kwa pete ngumu.

Amodiakwini na isokwini nazo zina kipande cha pamoja cha atomu 18 tu kati ya 25, na ufanano wa 0.56. Jedwali la sifa lilisema ni pacha. Kipande cha pamoja kinasema hapana. Ndiyo maana kipimo kimoja hakitoshi.

Hatua ya 4: Jozi zinazotofautiana kwa badiliko moja

Kama una kampaundi zaidi ya ishirini, acha kulinganisha kila moja na kila moja kwa macho. Programu ya mmpdb inakata vifungo, inatafuta molekuli zinazobaki sawa isipokuwa sehemu moja, na kukuandikia badiliko lenyewe: ethili imekuwa haidroksiethili (klorokwini kwenda haidroksiklorokwini), ethili imekuwa haidrojeni (amodiakwini kwenda desethilamodiakwini).

```
mmpdb fragment data.smi -o data.fragdb
mmpdb index data.fragdb -o data.mmpdb
```

Kuna kikomo cha kawaida cha atomu nzito 10 kwenye sehemu inayobadilika. Kwa mkato mmoja, klorokwini na amodiakwini hazitakutana kwa sababu upande wa amodiakwini unabeba atomu 13. Kwa mikato miwili zinakutana: daraja la atomu 5 limebadilishwa na daraja la atomu 8. Kwa hiyo ukiona jozi uliyoitegemea haipo, angalia idadi ya mikato na kikomo hicho kabla ya kusema data ina kasoro.

Hatua ya 5: Weka nguvu ya dawa kando ya muundo

Badili kila IC50 (kiwango cha dawa kinachopunguza ukuaji wa kimelea kwa nusu) kuwa pIC50: 9 toa logi ya thamani kwa nanomola. nM 20 ni 7.70, nM 200 ni 6.70. Kwenye kipimo cha logi tofauti zinajumlika vizuri, na wastani hauvutwi na namba moja kubwa.

Halafu usichanganye vimelea. Aina ya 3D7 ya *Plasmodium falciparum* husikia klorokwini. Dd2, K1 na W2 ni sugu. Safu moja yenye IC50 za 3D7 na Dd2 pamoja itakuonyesha tofauti kubwa ambayo imetokana na kimelea, wakati molekuli ni ileile. Amodiakwini inahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu usugu wake una uhusiano mkubwa na aina ya mabadiliko ya PfCRT (protini ya kimelea inayohusika na usugu) iitwayo SVMNT, kama ya kimelea 7G8, na si CVIET ya Dd2. Chuja ChEMBL kwa aina ya kimelea, kwa `standard_type`, na kwa `standard_relation` yenye alama ya "=". Thamani iliyoandikwa ">10000" si 10000.

Maabara mbili zikipima kitu kilekile, tofauti ya mara mbili hadi tatu ni jambo la kawaida. Basi jozi yenye tofauti ya 0.3 ya logi usiitungie nadharia. Jozi ikifanana sana lakini nguvu ikitofautiana kwa mara 100 (logi 2), hapo umekuta korongo (kwa Kiingereza "activity cliff"), na ndiyo sehemu yenye faida kuliko zote. Lipime hivi: tofauti ya pIC50 ugawe kwa (1 − ufanano). Ufanano ukiwa 1.0 hesabu inavunjika. Mara nyingi maana yake ni mkono uliopuuzwa au mnyororo usiohesabiwa, kwa hiyo rudi Hatua ya 2.

Usisahau mafuta. Klorokwini ina logP ya kukokotoa karibu 4.8, haidroksiklorokwini 3.8. Tuseme zote zimetoa nM 20. Toa logP kutoka pIC50: ya kwanza inabaki na 2.9, ya pili 3.9. Ya pili imepata nguvu ileile kwa mafuta machache zaidi, na kwa kawaida hilo ni jema. Lakini hizi ni besi. pKa za klorokwini (pH ambapo nusu ya molekuli hubeba chaji) ni karibu 8.1 na 10.2, kwa hiyo kwenye damu karibu yote imebeba chaji, na ndani ya vakuoli ya chakula ya kimelea, penye pH ya karibu 5, inabeba chaji mbili na kunaswa humo. Mkusanyiko huo ni sehemu ya nguvu yake. Badiliko linalogusa nitrojeni ya mkia linagusa pKa, na mara nyingi pKa ndiyo inayoeleza kile ambacho ufanano umeshindwa kueleza.

Hatua ya 6: Uliza mwili utaifanyia nini

Tafuta vipande vya hatari kwa SMARTS, mwandiko wa kutafutia vipande ndani ya molekuli. Kwa familia hii kipo kimoja kikuu:

```
p = Chem.MolFromSmarts("[OX2H]c1ccc([NX3;H1])cc1")
print(aq.HasSubstructMatch(p))
```

Hiki ni haidroksili kwenye pete, na nitrojeni upande wa pili kabisa wa pete hiyohiyo. Amodiakwini inakamatwa: ikioksidishwa huwa kwinoni-imini, inayoshika protini, na madhara yake kwa ini na chembe nyeupe za damu ndiyo yaliyoiondoa kwenye orodha ya kinga kwa wasafiri. Isokwini haikamatwi kwa sababu haidroksili imesogezwa nafasi moja. Parasetamoli nayo inakamatwa, na hutumiwa kila siku na mamilioni ya watu. Kwa hiyo kukamatwa si hukumu. Kunakuambia uulize dozi ni kiasi gani, mara ngapi, na kwa muda gani. Amodiakwini yenyewe bado ni dawa halali ya kutibu: Zanzibar ilianza kuitumia pamoja na artesunati mwaka 2003.

Tena amodiakwini haikai mwilini kwa muda mrefu. Kimeng'enya CYP2C8 huing'oa ethili moja haraka na kuacha desethilamodiakwini, ambayo ndiyo inayofanya kazi kwa siku nyingi. Ukilinganisha klorokwini na amodiakwini kwa ajili ya kutabiri kinachotokea kwa mgonjwa, molekuli uliyopaswa kuiweka kwenye jedwali ni hiyo iliyobaki.

Primakwini nayo iweke kama kipimo cha kujijaribu. Mkia wake ni ule wa klorokwini bila ethili mbili za mwisho, na kiunzi ni kwinolini. Ila umeshikizwa nafasi ya 8 badala ya 4, klorini haipo, na kuna methoksi. Inaua vimelea vilivyolala kwenye ini, jambo ambalo klorokwini haifanyi, na huweza kuvunja seli nyekundu kwa wenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda seli hizo. Utaratibu wako ukiziweka klorokwini na primakwini kikundi kimoja bila onyo, urekebishe kabla ya kuupa molekuli usizozijua.

Kuhusu 3D na kupachika kwenye protini

Tengeneza maumbo 50 kwa kila molekuli kwa ETKDG, njia ya RDKit ya kukadiria maumbo ya 3D, ukiweka `randomSeed` ili matokeo yarudie. Linganisha umbo bora kwa bora, wala si la kwanza kwa la kwanza. Mkia wa klorokwini unajikunja kila upande na umbo moja halisemi kitu.

Kupachika, yaani kuikalisha molekuli kwenye mfuko wa protini kwa kompyuta, ndiko wengi wanakokimbilia mapema mno. Upo muundo wa 1CET kwenye hifadhidata ya miundo ya protini (PDB), wenye klorokwini ndani ya LDH, kimeng'enya cha kimelea, na ni rahisi kuupakua na kupata alama za kupendeza. Lakini nguvu ya dawa hizi dhidi ya kimelea huelezwa na haemu, kile kipande chenye chuma ndani ya himoglobini ya damu: zinaishika isijijenge kuwa fuwele za hemozoini, na kimelea kinakufa kwa sumu ya mlo wake mwenyewe. Haemu si protini na haina mfuko wa kupachikia. Kuzipanga dawa za kundi hili kwa alama za LDH ni kupima kitu kingine. Kama unataka kuchunguza usugu, protini inayohusika ni PfCRT na badiliko lake la K76T.

Kwenye faili la mwisho, kila jozi iwe na SMILES zote mbili baada ya kusafishwa, aina ya alama za vidole pamoja na nusu kipenyo na idadi ya biti, kama mkono ulihesabiwa, idadi ya atomu za kipande cha pamoja, badiliko lenyewe kwa maneno, pIC50 na aina ya kimelea, na toleo la RDKit. Tanimoto iliyoandikwa 0.62 bila hivyo vingine haiwezi kurudiwa na mtu mwingine, wala na wewe mwenyewe baada ya miezi sita.